Kukata ugali kabisa au kubaki na tonge nne: ulinganisho kwa anayerudi kwenye wanga kidogo

Gauni langu la kitenge nimelifumua ubavuni mara mbili. Mara ya tatu nilipokata uzi nikakuta kitambaa cha akiba cha ndani kimeisha, kimebaki kipande chembamba kisichoshika hata sindano. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma. Nakaa kwenye kiti tangu saa mbili asubuhi mpaka jua linazama, na mwili wangu naujua kwa futi kuliko kwa mizani. Mwishoni mwa 2023 kiuno kilikuwa inchi 41. Mei 2024, baada ya miezi mitano bila ugali, kikafika 37. Kabla sijaanza tena kilikuwa kimerudi 40, na sukari niliyopimwa kabla sijala chochote asubuhi ilisoma 6.4 (milimoli kwa lita). Nesi akaniambia haijawa kisukari, kwa kuwa kisukari kinahesabiwa kuanzia 7.0, ila niko kwenye ngazi ya mwisho kabla ya mlango.

Kwa hiyo narudi kwenye wanga kidogo, ila safari hii sikutaka kukurupuka. Mara ya kwanza nilidandia njia moja kwa sababu dada mmoja kwenye kundi letu alikuwa amepungua nayo. Sasa nimezipanga njia mbili, nimezipima kwa sahani ya Kigoma na siyo kwa sahani ya kwenye video, na ninayaandika haya kwa yeyote anayesimama pale niliposimama mimi.

Njia zenyewe

Ya kwanza naiita kukata. Wanga wote wa siku unabaki chini ya gramu 50. Hakuna ugali, wali, ndizi za kupika, muhogo, viazi, chapati, andazi wala uji. Maharage ni ya kuonja tu, na matunda karibu yote yanakaa pembeni isipokuwa parachichi. Hii ndiyo ambayo vijana wanaiita keto.

Ya pili ni kupunguza. Wanga unabaki chini ya gramu 130 kwa siku. Ugali upo, lakini mchana tu na kwa hesabu. Maharage yapo, na tunda moja lipo. Sukari ya kwenye chai, soda na vitu vya unga wa ngano havipo katika njia yoyote kati ya hizi mbili, kwa hiyo hapo hakuna cha kulinganisha.

Gramu hazina maana mpaka uzione kwenye sahani. Nilichukua mizani ndogo ya jikoni ya jirani anayeoka keki nikapima tonge langu mwenyewe, lile ninalolikata bila kufikiri: gramu 50 na ushee. Haya ni makadirio, maana unga na maji hutofautiana jiko kwa jiko:

| Chakula | Kipimo | Wanga (gramu) |
|---|---|---|
| Ugali wa sembe au muhogo | tonge moja | 12 hadi 15 |
| Wali | kikombe kimoja | 45 |
| Chapati kubwa | moja | 35 hadi 40 |
| Maharage yaliyoiva | kikombe kimoja | 40, zaidi ya robo yake nyuzinyuzi |
| Ndizi mbivu ya wastani | moja | 25 |
| Soda | chupa ya ml 300 | zaidi ya 30 |
| Sukari | kijiko cha chai | 4 |
| Asali | kijiko cha kulia | 17 |
| Parachichi | nusu | 8, nyingi nyuzinyuzi |
| Mchicha uliopikwa | kikombe kimoja | 5 |
| Dagaa, migebuka, kuku, nyama | kiasi chochote | 0 |
| Yai | moja | chini ya 1 |

Ndugu zangu wa Tabora msininunie kwa ule mstari wa asali. Najua ni ya nyuki, najua ni dawa ya kikohozi, lakini tumboni inahesabiwa na sukari.

Sasa angalia. Sahani ya ugali ya mama lishe ni tonge nane mpaka kumi. Hiyo peke yake ni gramu 100 na zaidi, yaani bajeti ya siku mbili ya anayekata, na karibu bajeti yote ya siku ya anayepunguza. Tonge nne ni kama gramu 50 hadi 60. Hapo ndipo hesabu yangu ilipotulia: anayepunguza anaweza kula tonge nne mchana, kikombe cha maharage usiku, tunda moja na chai ya maziwa bila sukari, akalala akiwa ndani ya 130. Anayekata, tonge hizo nne tu zimeshamtoa nje.

Na kabla hujaugombeza ugali, hesabu chai yako. Mimi nilikuwa nakunywa vikombe vitatu, kila kimoja vijiko vitatu. Hizo ni gramu 36 za sukari tupu, kila siku, na sikuwahi kuziita chakula.

Wiki za mwanzo

Kukata kunakupa furaha mapema. Wiki ya kwanza nilipoteza karibu kilo tatu, nikatangaza mtaa mzima. Baadaye ndipo nikaelewa: mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji kama gramu tatu. Akiba ikiisha, maji yanatoka. Mafuta ya tumboni yalikuwa hata hayajaguswa. Ndiyo maana pia ukila ugali wa harusi Jumamosi, Jumatatu mizani inapanda kilo mbili na unajiona umeharibu kila kitu, kumbe ni maji yamerudi.

Maji yakitoka, chumvi nayo inatoka. Siku ya tatu mpaka ya saba kichwa kiliniuma, miguu ikalegea, nikashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Kilichonisaidia ni mchemsho wa migebuka, chumvi kidogo na ndimu, bakuli moja saa nne asubuhi. Mwenye presha asichukue ushauri huo wa chumvi kwangu, aulize anakotibiwa.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliona kwenye video yoyote. Anayekata akiingia sawasawa, mwili unaunguza mafuta na pumzi inatoa harufu ya asetoni, ile ile ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kwa karani wa benki anayeongea nyuma ya kioo si kitu. Mimi nampima mteja kifua na mabega, uso kwa uso, futi mkononi. Mama mmoja aligeuza shingo pembeni, akajifanya anaangalia vitambaa. Nilitafuna karafuu wiki tatu.

Kupunguza hakuna makeke hayo. Kichwa hakiumi sana, choo hakiwi kigumu kwa kuwa maharage yapo, na pumzi ni ya kawaida. Lakini pia hakuna kilo tatu za kutangaza. Wiki ya kwanza mizani ilishuka nusu kilo, nikakaribia kuirudisha kwa jirani. Na njaa ya saa kumi jioni ipo, hasa siku kumi za mwanzo. Kwenye kukata njaa ilinipotea kabisa baada ya wiki mbili, hilo nalikubali, na ndilo ninalolikumbuka kwa wivu.

Tafiti zinasemaje

Nitapita haraka. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa miezi 12, nusu wakipunguza wanga na nusu wakipunguza mafuta. Waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6, wa mafuta kilo 5 na kitu. Tofauti ndogo isiyo na uzito. Makundi yote mawili yaliambiwa waache sukari na unga mweupe, wale mboga kwa wingi.

Kwa wenye kisukari cha aina ya pili, uchambuzi wa majaribio 23 uliochapishwa kwenye jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2021 ulionyesha kwamba waliokula wanga kidogo walifanya vizuri zaidi kwa sukari wakifika miezi sita. Wakifika miezi 12 faida ile ilikuwa imepungua sana. Niliposoma hapo nikacheka peke yangu dukani. Mimi mwenyewe hata hiyo miezi sita sikuifikisha.

Ziwa linaamua

Hapa ndipo ulinganisho wa Kigoma unapoachana na wa mahali pengine. Kukata kunataka uondoe chakula cha bei rahisi kuliko vyote na uweke samaki, mayai, nyama na mafuta mahali pake. Kwetu hiyo inaonekana rahisi, maana dagaa wako mwalo wa Kibirizi na mawese yako kila kona. Lakini dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauwavuti, wavuvi wanapumzika, na sokoni fungu linakuwa dogo kwa bei ile ile. Yaani kila mwezi kuna siku ambazo mlo wa anayekata unapanda bei, zikiisha unashuka. Mimi nilijifunza kuangalia juu kabla ya kwenda sokoni.

Kisha ikaja 2024. Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na uamuzi huo, hata wavuvi wenyewe walikuwa wanalalamika nyavu zinarudi nyepesi. Ila mimi nilikuwa na miezi mitano ya kukata na sikuwa nimeweka hata debe moja la dagaa wakavu. Wiki mbili nikala mayai. Wiki ya tatu kuku. Wiki ya nne hela ya nyuzi na zipu ikaanza kuingia kwenye kuku, na siku moja mchana nikakaa na wanangu nikala ugali wa muhogo kwa maharage, sahani nzima, kwa raha ambayo siwezi kuificha. Kwa kuwa njia yangu haikuwa na nafasi ya ugali kidogo, ule ulikuwa mwisho wake. Ukiwa kwenye kukata, ukitoka umetoka.

Anayepunguza siku kama hizo anaegemea maharage. Yanashuka kutoka Kasulu na Kibondo, yanakaa gunia miezi, hayajui mbalamwezi wala kufungwa kwa ziwa. Yana wanga ndiyo, lakini yanaachia sukari polepole kwa ajili ya nyuzinyuzi, na yana protini.

Anayetaka kukata hata hivyo, na wapo wanaostahili, anunue dagaa wakavu siku zisizo na mbalamwezi, aweke. Chagua waliokaushwa juu ya chanja. Wa mchangani utawaosha maji matatu na bado jino litagonga jiwe. Wawe wanang'aa fedha, kichwa kimeshika mwili. Wakiwa wa njano na wakikwaruza kooni, mafuta yao yameshachacha.

Mawese: hapa nimebadilisha mawazo

Ukiondoa wanga, nguvu lazima itoke mahali. Kwenye kukata inatoka kwenye mafuta, na mafuta ya kwetu ni mawese. Nilikuwa natia vijiko vitano vya kulia kwenye sufuria ya sombe, yaani kisamvu, na kujiambia ni ruhusa. Mawese mabichi mekundu yana karotini nyingi, ile inayogeuka vitamini A mwilini, na hilo ni la kujivunia. Lakini karibu nusu ya mafuta yake ni yale mazito yanayopandisha lehemu mbaya, na kijiko kimoja cha kulia kina kalori kama 120. Vijiko vitano ni kalori 600, sawa na tonge nyingi za ugali. Na yule anayeyaunguza mpaka yanakuwa meupe ndipo aweke kitunguu, ameshaichoma karotini, amebaki na mafuta matupu.

Kwenye kupunguza sina sababu ya kuongeza mafuta. Vijiko viwili vinatosha sombe ya watu wanne, hasa ukiweka karanga za kutwanga. Kwa hili kupunguza kunashinda, na sidhani kama kuna ubishi.

Mezani na watu

Mama mkwe wangu anakaa Kasulu, na akija hukaa wiki mbili. Alikuja mwezi wa tatu wa kukata kwangu. Akasonga ugali wa muhogo mwenyewe, ule unaovutika, akaugeuza kwa mwiko mpaka ukawa kama jiwe la mtoni, akauweka katikati. Mimi nikachukua bakuli langu la dagaa na mchicha.

"Mwanangu, ugali umekukosea nini?"

"Haujanikosea, Mama. Ni sukari ya mwilini wanasema ipungue."

"Sukari iko kwenye chai. Kwenye muhogo kuna nini?"

Nikaanza kueleza kwamba wanga ukishamegwa tumboni unakuwa sukari ile ile. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasogeza kikombe changu cha chai kwa kidole kimoja, bila neno. Kilikuwa hakina sukari siku ile, lakini alikumbuka cha zamani. Mume wangu alitafuta kitu cha kwenda kufanya nje.

Kukata kunakutoa kwenye sahani ya pamoja. Kama unakaa peke yako, au familia yako imezoea kila mtu ale chake, halikusumbui. Kama nyumba yako ni ya sinia moja, unapika vyungu viwili, mkaa mara mbili, maelezo mara ishirini. Kupunguza unakaa, unanawa, unakata tonge zako nne, na asiyehesabu hajui. Nimegundua pia kwamba nikianza na mboga na samaki, tonge nikazileta mwishoni, nashiba nazo nne bila kulitazama sinia kwa uchu. Kuna tafiti ndogo kwa wenye kisukari zilizoonyesha kwamba mpangilio huo unapunguza sukari kupanda ghafla baada ya kula, kwa chakula kile kile.

Na watoto wasiingizwe kwenye hesabu zetu. Wanangu wanakula ugali wao wote.

Asiyepaswa kuchagua mwenyewe

Kama unachoma insulini au unameza glibenklamaidi, kidonge cha kisukari, usianze kukata kesho asubuhi kwa kusoma maandishi yangu. Dozi yako ilipangwa ukiwa unakula ugali. Ukiuondoa na dozi ikabaki, sukari inaweza kushuka chini ya 4: jasho la baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, na ukiwa umelala hakuna wa kukuona. Nenda kwanza wakupunguzie dozi, na uwe na kipimo cha kidole nyumbani. Anayemeza dapagliflozini, kidonge kingine cha kisukari, naye asikate wanga bila daktari, kwa sababu damu yake inaweza kujaa asidi hata sukari ikisoma vizuri. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye matatizo ya figo, kukata si kwao. Kupunguza nako waulize, ila kuacha soda hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Nani achague nini

Kukata namwachia mtu ambaye sukari yake imeshavuka 7, ana daktari anayemfuatilia, ana uhakika wa kitoweo hata mbalamwezi, na anajijua kwamba akionja tonge moja anamaliza sufuria. Wapo watu wa hivyo, na kwao "hapana" ni rahisi kuliko "kidogo". Rafiki yangu wa duka la jirani yuko hivyo, mwaka wa pili sasa, na hajayumba.

Kupunguza ni kwa mwenye kipato cha kupanda na kushuka, sinia la pamoja, wageni, na historia ya kuanza kwa kishindo na kuacha. Yaani mimi. Nimeanza wiki ya sita leo: tonge nne mchana, usiku maharage au samaki na majani, chai kavu. Kiuno kiko 39 na nusu. Ni polepole mno kwa mtu aliyewahi kuona kilo tatu kwa wiki, na kuna jioni nainyanyua futi nikiwa nimeshaudhika kabla ya kusoma.

Nimejiwekea tarehe. Miezi mitatu ikitimia nakwenda kupima kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi hiyo yote, maana kinachosomwa asubuhi moja kinaweza kukudanganya. Hicho husomwa kwa asilimia; kikifika 6.5 kwenda juu, nitarudi kukata, ila nitaanzia kwa daktari kabla ya kwenda sokoni, na debe la dagaa litakuwa tayari chini ya meza ya kukatia nguo.